Fahamu thairista, swichi inayowaka kwa amri lakini haizimwi kwa amri

MASHINE kubwa ya kupasulia mbao inapowashwa mjini Makambako, taa za nyumba zilizo kwenye laini hiyo hiyo huweza kufifia kwa sekunde kadhaa, friji zikanguruma, kisha hali ikarejea kama ilivyokuwa.

Kinyume chake huweza kutokea katika kijiji cha milimani Njombe kinachotegemea mtambo wake mdogo wa maji. Mashine ya kusaga inapozimwa ghafla, taa huwaka kwa ukali usio wa kawaida, na balbu pamoja na redio za watu huweza kuungua.

Matatizo hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja. Mzigo mkubwa umeingia au umetoka kwenye laini kwa mkupuo.

Dawa yake nayo, katika hali zote mbili, mara nyingi hutegemea kifaa kimoja kiitwacho thairista. Wengi wetu hatujawahi kukisikia, ingawa kimo ndani ya chaja kubwa za betri, vidhibiti vya volti vya jenereta na vianzishi vya mota za viwandani.

Makala haya yanaeleza thairista ni nini, inafanyaje kazi na mambo gani fundi au mwenye kiwanda ayazingatie kabla hajaikabidhi umeme mkubwa.

Asili yake

Thairista ni kifaa cha silikoni, ndugu wa daiodi na transista. Tofauti yake ni kwamba ina tabaka nne za silikoni zilizopangwa kwa kupishana, na ina miguu mitatu: anodi, kathodi na geti.

Wazo la kifaa cha namna hiyo lilitolewa na mwanafizikia William Shockley mwaka 1950. Watafiti wa Bell Labs nchini Marekani walilifanyia kazi na kuchapisha matokeo mwaka 1956, na mwaka 1957 wahandisi wa kampuni ya General Electric wakatengeneza thairista ya kwanza ya kibiashara.

Kabla ya hapo, kazi ya kudhibiti umeme mkubwa ilifanywa na vali za zebaki, ambazo zilikuwa kubwa, dhaifu na zenye sumu. Thairista iliziondoa sokoni hatua kwa hatua.

Inavyofanya kazi

Katika hali ya kawaida thairista huzuia umeme pande zote mbili. Ukipeleka mkondo mdogo kwenye geti wakati anodi ina chanya, kifaa hufunguka na kupitisha mkondo mkubwa kutoka anodi kwenda kathodi.

Mkondo wa geti huweza kuwa sehemu ndogo tu ya ampea moja, ilhali mkondo unaoamrishwa ukawa mamia ya ampea. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kifaa hiki.

Hata hivyo, thairista ina tabia moja ambayo kila msanifu lazima aiweke kichwani. Ikishawaka, geti hupoteza mamlaka. Ukiondoa mkondo wa geti, thairista huendelea kupitisha umeme kana kwamba hukufanya lolote.

Huzimika pale tu mkondo mkuu unaposhuka chini ya kiwango fulani kidogo. Kwa maneno mengine, unaweza kuiamuru iwake, lakini huwezi kuiamuru izime. Lazima usubiri umeme wenyewe uishe.

Kwa umeme wa betri, ambao hauishi wala haugeuki, hilo ni tatizo kubwa, na huhitaji saketi ya ziada ya kuulazimisha mkondo ushuke. Kwa umeme wa gridi, tabia hiyo hugeuka kuwa neema.

Umeme wa gridi ya Tanzania ni mkondo geu wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mkondo hufika sifuri mara 100 kila sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 10. Kila ufikapo sifuri, thairista huzimika yenyewe bila cheche na bila kelele.

Swichi ya kawaida au kontakta hukata umeme popote pale kwenye wimbi, ndiyo sababu ya cheche zinazokula mguso wake. Thairista haina mguso wa kuliwa.

Kukata wimbi

Kwa kuwa thairista huzimika kila nusu ya wimbi, fundi anaweza kuamua iwake lini katika nusu inayofuata. Akiiwasha mwanzoni kabisa, mzigo hupata umeme wote. Akichelewa, mzigo hupata kipande cha mwisho tu cha wimbi.

Chukua mfano wa hita. Ukichelewesha kuwasha kwa milisekunde 3.3 baada ya wimbi kuanza, hita itapata takriban asilimia 80 ya nguvu yake. Ukichelewesha milisekunde 5, yaani katikati, itapata nusu kamili. Ukifikisha milisekunde 6.7, itapata asilimia 20 tu.

Kwa kuwa thairista moja hupitisha umeme upande mmoja, hufungwa mbili kwa kupeana mgongo ili kila moja ihudumie nusu yake ya wimbi. Kwa mizigo midogo, hutumika traiaki, ambayo ni mfano wa thairista mbili ndani ya kifuko kimoja. Swichi nyingi za kupunguza mwanga wa taa sebuleni zina traiaki ndani yake.

Njombe na umeme wa maporomoko

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye historia ndefu ya mitambo midogo ya umeme. Mvua nyingi, milima na mito isiyokauka vimeipa neema hiyo.

Katika kijiji cha Matembwe, shirika la CEFA la Italia lilisaidia kujenga mtambo wa maji katika miaka ya 1980, na baadaye mwingine ukajengwa Ikondo. Huko Mawengi wilayani Ludewa kuna mtambo wa kilowati 300 ulioasisiwa kwa msaada wa shirika jingine la Italia, ACRA, na kukabidhiwa kwa chama cha watumiaji kiitwacho LUMAMA. Uwemba, karibu na mji wa Njombe, upo mtambo wa TANESCO wa kilowati 843.

Si maji peke yake. Kampuni ya miwati ya TANWAT ilifunga mwaka 1995 mtambo wa megawati 2.5 unaotumia mabaki ya miti.

Mtambo mdogo wa maji unaojitegemea, popote duniani, hukabiliwa na swali moja. Maji hayajui kama kijiji kimezima mashine ya kusaga. Huendelea kushuka kwenye bomba kwa nguvu ile ile.

Mzigo ukipungua, nguvu iliyobaki huenda kuzungusha mtambo kwa kasi zaidi. Volti hupanda na mizunguko huongezeka kutoka 50 kwenda 55, 60 na kuendelea. Mzigo wote ukitoka kwa ghafla, mtambo wa aina ya Pelton huweza kufikia karibu mara mbili ya kasi yake ya kawaida, kiasi cha kuhatarisha jenereta yenyewe.

Njia ya zamani ya kuzuia hali hiyo ni gavana, yaani chombo cha kufunga na kufungua maji kadiri mzigo unavyobadilika. Chombo hicho ni ghali, kina sehemu nyingi zinazochakaa, na kwa mtambo mdogo huweza kugharimu kuliko jenereta.

Mzigo wa bandia

Njia ya pili, iliyoenea tangu miaka ya 1980 katika nchi za milima kama Nepal na Sri Lanka, ni kuyaacha maji yashuke kwa kiwango kimoja na kudhibiti mzigo badala yake.

Tuseme mtambo unatoa kilowati 50 na kijiji kinatumia 30. Kilowati 20 zinazobaki hupelekwa kwenye hita zilizozamishwa ndani ya maji. Mashine ya kusaga ya kilowati 10 ikizimwa, kidhibiti huongeza nguvu ya hita hadi 30. Jumla hubaki 50 daima, na jenereta haihisi mabadiliko yoyote.

Kazi ya kuongeza na kupunguza nguvu ya hita ndiyo kazi ya thairista. Saketi ya udhibiti hupima mizunguko, na ikiona imezidi 50 hata kwa sehemu ndogo, huwahisha kuziwasha thairista katika wimbi. Mwitikio wake huja ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, mapema kuliko gavana lolote la chuma.

Kuna namna mbili za kuipanga kazi hiyo. Ya kwanza ni kukata wimbi kama ilivyoelezwa hapo juu. Ina ulaini mkubwa, lakini wimbi lililokatwa huacha vurugu kwenye laini nzima, huongeza joto la jenereta na huweza kuleta mngurumo katika redio. Kwa sababu hiyo, wasanifu hushauri jenereta iwe na uwezo wa ziada.

Ya pili ni kuzigawa hita katika mafungu, kwa mfano ya kilowati 1, 2 na 4, na kuwasha kila fungu lote au kulizima lote wakati wimbi liko sifuri. Mafungu hayo matatu hutoa ngazi nane, kuanzia sifuri hadi kilowati 7, bila kulichafua wimbi. Udhaifu wake ni kwamba nguvu hubadilika kwa hatua.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba hita lazima ziweze kubeba nguvu yote ya mtambo na ziada ya asilimia 10 hadi 20. Hita moja ikiungua bila kutambuliwa, ulinzi wote huwa umevunjika, na kijiji kitagundua siku balbu zitakapolipuka.

Aidha, joto hilo si lazima lipotee. Katika mkoa wenye baridi kama Njombe, maji ya moto kwa ajili ya zahanati, bweni la shule au kukausha mazao ni mali. Hata hivyo, mtumiaji asiruhusiwe kuyazima, kwani hita hizo ni breki za mtambo.

Makambako na mota za mbao

Tukishuka Makambako, tatizo hugeuka. Mji huo upo kwenye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na ile ya Njombe hadi Songea, una kituo cha reli ya TAZARA, na ni soko kubwa la mbao. Ndipo pia inapoanzia laini ya msongo wa kilovolti 220 kwenda Madaba na Songea, yenye urefu wa kilomita zipatazo 250, iliyokamilika mwaka 2018 kwa ushirikiano wa Tanzania na Sweden.

Mota ya kawaida ya viwandani ikiwashwa moja kwa moja hunyonya mkondo wa mara tano hadi nane ya ule wa kazi. Mota ya kilowati 15, ambayo ikishatulia hutumia takriban ampea 30 kwa kila waya, huweza kuvuta ampea 180 wakati wa kuanza. Mkondo huo ukipita kwenye laini ndefu na nyembamba, volti huanguka na majirani huathirika.

Kianzishi laini hutumia thairista sita, mbili kwa kila waya wa umeme wa fezi tatu. Huanza kwa kipande kidogo cha wimbi na kukiongeza kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa hadi mota ifikie kasi yake. Baada ya hapo kontakta hufunga na kuzipumzisha thairista.

Mwenye kiwanda anapaswa kujua kwamba faida hiyo ina gharama yake. Nguvu ya mzunguko wa mota hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Volti ikiwa nusu, nguvu ya kuzungusha huwa robo tu.

Kwa msumeno unaoanza ukiwa huru hilo si tatizo. Kwa mashine inayoanza ikiwa imebanwa na gogo, mota itakwama huku ikinguruma, na ama thairista ama mota itaungua. Gogo lisisogezwe kabla msumeno haujafikia kasi kamili.

Mota pia huuchelewesha mkondo nyuma ya volti. Volti inapofika sifuri, mkondo bado unapita. Geti likipewa mshtuko mmoja mfupi kwa wakati usiofaa, thairista ya upande wa pili haitawaka, mota itapata mkondo wa upande mmoja, na fyuzi zitakatika. Ndiyo maana saketi nzuri hupeleka mishtuko mfululizo kwenye geti badala ya mmoja.

Mambo ya kuzingatia

Thairista hufa haraka ikikosewa. Fundi anayesanifu au kutengeneza saketi yake azingatie haya yafuatayo.

Kwanza, volti. Umeme wa volti 230 hufikia kilele cha volti 325, na ule wa volti 400 hufikia 566. Radi za nyanda za juu huongeza mengine juu yake. Kwa volti 400, thairista ya volti 1,200 au 1,600 ndiyo inayofaa, pamoja na varista ya kupunguza makali ya radi.

Pili, joto. Thairista inayopitisha umeme hupoteza takriban wati moja kwa kila ampea. Kianzishi cha ampea 30 kwa waya tatu huzalisha karibu wati 90 za joto ndani ya kabati. Bila bati la mapezi la kupoozea na nafasi ya hewa, silikoni hupita nyuzi 125 za Selsiasi, ambazo ndizo kikomo cha thairista nyingi.

Hapa Njombe humpotosha fundi. Baridi yake humfanya adhani kwamba kupooza si tatizo. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 20, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo.

Watengenezaji wengi hutoa viwango vinavyofaa hadi mita 1,000 tu. Kanuni inayotumika sana ni kupunguza asilimia moja ya mkondo kwa kila mita 100 zinazozidi. Kifaa cha ampea 100 mjini Njombe kihesabiwe kuwa cha ampea 90.

Tatu, fyuzi. Thairista huungua kabla fyuzi ya kawaida haijahisi kitu. Zipo fyuzi za kasi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Mazoea ya kusokota waya wa shaba badala ya fyuzi hukifanya kifaa cha bei kubwa kuwa ndicho kinachoilinda waya.

Nne, mpando wa ghafla wa volti. Volti ikipanda kwa kasi mno, thairista huwaka yenyewe bila amri ya geti. Rezista na kapasita zilizofungwa sambamba nayo hupunguza kasi hiyo.

Tano, na hili ni la uhai, thairista iliyozimwa si swichi iliyokatwa. Mkondo mdogo hupenya ndani yake na kupitia ile kapasita, nao unatosha kumpiga mtu. Isitoshe, thairista inapokufa mara nyingi hubaki imeunganika. Kila saketi lazima iwe na swichi kuu inayokata umeme kabisa kabla fundi hajagusa waya.

Namna ya kuipima

Fundi asiye na vifaa vya gharama anaweza kuipima thairista ndogo au ya kati kwa betri ya volti 12 na balbu ya gari. Aunganishe chanya ya betri kwenye anodi kupitia balbu, na hasi kwenye kathodi. Balbu isiwake. Ikiwaka, thairista imekufa.

Kisha aguse geti na anodi kwa pamoja kwa kutumia rezista ya omu 100 hivi. Balbu inapaswa kuwaka, na kuendelea kuwaka hata rezista ikiondolewa. Akikata waya wa betri na kuurudisha, balbu inapaswa kubaki imezimika. Jaribio hilo halioneshi kama kifaa kitahimili volti 400, lakini huziondoa zile zilizokwisha kufa.

Kutoka kijijini hadi bara zima

Kifaa hicho hicho, kikipangwa kwa mamia katika minara, hubeba umeme wa mataifa. Laini ya mkondo mnyoofu kutoka Wolayta-Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye urefu wa kilomita 1,045 na msongo wa kilovolti 500, hutegemea thairista katika ncha zake zote mbili. Ina uwezo wa megawati 2,000 na ilianza biashara mwaka 2022.

Kabla yake zilikuwapo laini ya Cahora Bassa, inayotoa umeme Msumbiji na kuupeleka Afrika Kusini tangu miaka ya 1970, na ile ya Inga hadi Kolwezi nchini Kongo, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ni kweli kwamba transista za kisasa za aina ya IGBT, ambazo huwaka na kuzimika kwa amri, zimeichukua nafasi ya thairista katika mitambo ya umeme jua na katika vifaa vya kubadili kasi ya mota. Lakini palipo na umeme wa gridi, mkondo mkubwa na haja ya kifaa cha bei nafuu kinachostahimili shida, thairista bado inashikilia nafasi yake.

Gridi ya taifa inapofika kijijini, mtambo mdogo huweza kuunganishwa nayo, na mizunguko 50 hushikiliwa na gridi. Hita hukaa kimya. Hata hivyo, kidhibiti chake kisiuzwe kama chuma chakavu, kwa kuwa siku gridi itakapokatika, mtambo utabaki peke yake na maji yale yale yanayoshuka.

Kwa kamati za umeme za vijiji na wenye viwanda vya mbao, ushauri ni mmoja. Kabla ya kununua kidhibiti au kianzishi laini, mwulizeni muuzaji kimehesabiwa kwa mita ngapi juu ya bahari, fyuzi zake ni za aina gani na vipuri vitapatikana wapi. Vilevile mhakikishe kwamba yupo kijana wa hapo hapo anayeielewa saketi hiyo, kwa sababu mgeni aliyeifunga hatakuwapo usiku itakapokorofisha.